Wanajenga Tena Wadini

Kaka yangu Harith,

Naiandika barua hii mbele za watu kwa sababu njia nyengine sina. Nambari yako haiiti tena. Yule mzee wa mtaa wa Aija uliyekodi kwake chumba ulipofika Sur aliniambia uliondoka asubuhi moja na begi lako, ukamwachia ufunguo juu ya dirisha, wala hukumwambia unakwenda wapi. Labda atakayeisoma anakujua. Labda utaiona wewe mwenyewe mahali, uanze kuisoma kama unavyosoma kila kitu, umesimama, chai mkononi. Basi nakuomba jambo moja. Ukilifikia jina la Raya, tafuta mahali ukae.

Nianze na kile kitabu, maana huku kwetu Ibra mpaka leo wanasema kila kitu kilianzia hapo.

Ulipewa na mwalimu wako wa Kiingereza alipokuwa anarudi kwao. Jalada lilikuwa limeng'oka na kurasa za mwanzo zimekwenda nalo, kwa hiyo hatukujua kinaitwaje wala nani kakiandika. Mwalimu alikwambia tu kwamba ni riwaya ya Kimarekani, ya zamani, na kwamba huko kwao hakuna aliyesoma asiyeijua. Sisi tukaiita Kitabu cha Mji. Ilikuwa habari ya kijana anayekulia katika mji mdogo wenye reli na mashamba ya mahindi, anawapenda wakubwa wake wote, halafu kidogo kidogo, mmoja baada ya mwengine, wanaanguka machoni pake.

Ulikuwa ukitusomea baada ya Alasiri, uwanjani, kivuli kikishafika kwenye mkeka. Macho yako yanapita kwenye Kiingereza, mdomo wako unatoa Kiswahili, na mimi nilidhani watu wote wanaweza kufanya hivyo. Bibi anachagua mchele. Raya wa nyumba ya jirani anakuja na sahani ya mandazi kutoka kwa mama yake, anasema hakai, kisha anakaa. Unakumbuka ulivyokwama siku ya kwanza?

"Wamekaa kwenye... ile sehemu ya mbele ya nyumba, Bibi. Wanapokaa watu wakawatazama wanaopita."

"Baraza, mwanangu! Hata baraza hulijui? Na hayo masomo yako yote?"

Raya alicheka mpaka akajifunika uso kwa mtandio. Tangu siku hiyo kazi ilikuwa ya watu wawili. Wewe unakieleza kitu, Bibi anakupa jina lake, jina alilotoka nalo Unguja akiwa mwanamke kijana na ambalo sisi tuliozaliwa huku ng'ambo ya bahari hatukuwahi kulisikia. Nilijifunza Kiswahili changu kizuri kutoka kwenye kitabu cha Wamarekani. Nikiwaambia watu hivyo wanadhani natania.

Bibi alikuwa na mtu wake humo ndani. Si kijana, bali yule mzee wa benki, mpole, aliyempa kijana peremende kila Jumapili na kumshika kichwa. Sisi sote tulimpenda. Bibi peke yake ndiye aliyekuwa akiacha mchele kila anapotajwa.

"Huyu mzuri mno," alisema. "Mtizameni huyu."

Na ikaja siku uliyosoma mpaka pale kijana anapogundua kwamba yule mzee ndiye aliyemtoa mjane mmoja nyumbani kwake na watoto wake, wakati wa baridi, na kwamba mji mzima ulijua. Ukakifunga kitabu na kidole chako kikiwa ndani.

Raya akauliza, "Kwani walijua wote?"

"Wote."

"Na wakamnyamazia?"

Bibi akajibu yeye. "Ulitaka waseme nini, na wao wanakula kwake?"

Hapo ndipo Ami Suleiman alipoingia. Sisemi hivi kwa kutafuta maana, ndivyo ilivyokuwa, alikuwa akija kila siku wakati ule. Aliingia na tende za mwanzo wa msimu, kanzu yake nyeupe kama karatasi, na sote tukainuka, shikamoo Ami, shikamoo Ami. Akakushika kichwa, akauliza tunasoma nini. Ukamwambia ni hadithi tu.

Nataka watu wanaosoma barua hii wajue Ami alikuwa nani kwetu, wasije wakadhani tulikuwa na jitu nyumbani. Baba alipofariki mimi sikuwa najua kufunga viatu. Ami, kaka yake mkubwa, alilia kaburini mpaka watu wakamshika. Yeye ndiye aliyekupeleka Nizwa kusoma, na alikuendesha mwenyewe, akakununulia blanketi njiani kwa sababu alisikia mabweni yana baridi. Nilipougua homa alilala mlangoni kwangu. Akiingia sokoni alikuwa akichelewa kutoka, kila mtu ana jambo la kumwambia na yeye anamsikiliza kila mtu. Nilikuwa nikitembea nyuma yake nikijiona binti wa mfalme.

Mwaka wako wa mwisho Nizwa ndio mwaka alioanza kuuza viwanja chini, kwenye ile ardhi pana ya changarawe inayopakana na wadi, ule mto mkavu unaojaa mvua ikinyesha milimani. Watu walifurahi. Vijana waliooa walikuwa wamechoka kukaa kwa wazazi wao, na pale palikuwa bei rahisi, karibu na barabara, na tambarare. Tingatinga likaja likasukuma mawe yakawa ukuta mrefu upande wa wadi. Ami alisimama juu yake siku ya kwanza akapiga mguu chini, "Huu hautikisiki," na watu wakapiga picha.

Wewe ulirudi likizo ukaniambia twende tukatembee. Tulishuka mimi na wewe mpaka ng'ambo ya ukuta, kwenye ule mkunazi mkubwa. Ukaniuliza naona nini. Nikasema naona mti. "Tizama juu," ukasema. Juu, kwenye matawi, mbali kuliko unavyoweza kufika ukinyoosha mkono, kulikuwa na matete makavu yaliyojisokota, na kipande cha wavu wa kitanda, na kandambili ya mtoto. Upepo ulikuwa ukiitikisa. Nilidhani watoto wameirusha.

"Hakuna aliyeirusha," ukasema. "Yameileta maji yakaiacha hapo."

Nilitizama ukuta wa Ami, kisha nikatizama ile kandambili. Ukuta ulikuwa chini yake sana. Siku ile kulikuwa na jua, na njiwa, na wadi mkavu mweupe kama mfupa, na mimi nilitamani tuondoke haraka kama vile kuna mtu anatusikiliza.

Tuliporudi ulimuuliza Bibi. Hakutaka kusema mwanzo. Alikwenda jikoni akarudi, akafunga mlango.

"Miaka ya mwanzo tulipokuja," akasema, "maji yalipita pale yakachukua mbuzi, na mitende, na mtu na mkewe waliokuwa wamelala na mifugo yao. Ndiyo maana wazee walijenga huku juu. Ulidhani walipenda kupanda kilima na mitungi?"

"Na Ami anajua?"

"Alikuwa kijana kama wewe. Alikwenda na wenzake kuwatafuta."

Uso wako ulivyobadilika sikuwahi kuuona hivyo kabla, na sitaki kuuona kwa mtu mwengine. Ulikaa chini ukasema, "Basi wazee wote wanajua." Bibi akaendelea kuchagua mchele ambao ulikwishachaguliwa.

Siku ya pili ya Idi ulisimama katika majlis ya Ami, chumba cha kupokelea wageni wanaume. Mimi sikuwepo, wanawake tulikuwa upande wa pili, lakini dirisha lilikuwa wazi na nilisikia. Ulianza kwa adabu. Uliwasalimia kwa majina yao. Ukasema mnajua, nyote humu mnajua, na kuna watu wananunua hawajui. Kisha Ami akasema kwa ile sauti yake ya upole:

"Mwanangu, maneno haya umeyatoa wapi?"

"Nimeyaona kwa macho yangu, Ami."

"Hapana. Haya si yako. Haya ni ya kile kitabu. Unatusomea wazee wako kitabu cha Kimarekani, unatutafuta sisi humo ndani."

Mtu akacheka, na wa pili akacheka, na ghafla wote walikuwa wanacheka kwa raha, Harith, kama watu waliokuwa wamebanwa kifua wakaachiwa. Ndicho kicheko kinachonijia mpaka leo. Watu wazima walionibeba mgongoni. Nilikuwa nimeshika sinia la halua, nikaliweka chini.

Alipokuja nyumbani alasiri ile, Ami alitaka kitabu. Alisema ni cha kikafiri, kinawafundisha watoto kuwadhania wazee wao vibaya. Bibi alikuwa amekikalia. Alikitia chini ya kanga zake akakaa juu yake kama kuku.

"Nimekisikia," akamwambia mwanawe. "Hamna ukafiri humu, Suleiman. Mna watu tu."

"Basi aombe radhi mbele ya wale aliowavunjia heshima. Au asiwepo hapa nikija."

Hukuomba. Ulipakia begi lako mchana kweupe, jirani wote wakiona, ukaja kumbusu Bibi mkono. Alikupa kitabu. "Umebakisha mwisho," akakwambia. "Nenda kaumalize, urudi unisimulie." Raya alikuwa amesimama kwenye pembe ya njia na sahani tupu mkononi. Ulipunguza mwendo wa gari, ukamtizama, ukapita. Alinyoosha mkono nusu, kisha akaushusha, akajipangusa kanzu yake kama vile ana unga.

Sijakwambia yaliyofuata kwa sababu hukunipa nafasi, na sikulaumu. Raya aliolewa mwaka uliofuata. Mume mzuri, mtu wa Sur kwa mama yake, kazi yake huko huko bandarini, anakuja mwisho wa wiki. Wakanunua nyumba chini, ya tatu kutoka ukutani. Nilimwambia, Harith. Nilimwambia habari ya mkunazi na ya wale watu wawili waliolala na mifugo. Akaniambia, "Nilimsikia kaka yako siku ile, na mimi nilikuwa dirishani. Lakini mume wangu kamuuliza Ami Suleiman mwenyewe, na Ami kamwambia Wallahi hapa ningelaza wanangu." Alikuwa ana mimba. Alikuwa anataka jiko lake mwenyewe. Alipaka ukuta rangi ya ndimu mbichi.

Miaka ikapita mikavu. Huo ndio ubaya wa wadi, unawapa watu miaka ya kumdharau aliyesema. Falaji, mfereji wa kumwagilia mashamba yetu, ikapungua, wakulima wakaomba mvua, tukaswali mvua. Mtoto wa Raya akakua, Asma, mwenye meno makubwa kama ya mama yake. Alikuwa akija kwa Bibi kusikiliza habari za yule kijana wa mji wa reli, na Bibi, kwa kuwa mwisho haukumfikia, akawa anautunga mwenyewe, kila mara vyengine.

Sasa kaa.

Ilikuwa mchana. Skuli zilitoa watoto mapema kwa sababu mawingu yalikuwa yamekaa milimani tangu asubuhi, meusi, hayasogei. Huku kwetu jua lilikuwa linawaka. Hakuna tone. Ami alikuja kunywa kahawa na Bibi, na mimi nilikuwa nimetoka kufundisha, nimevua viatu. Simu ikalia. Raya.

"Zeyana, kuna sauti."

"Sauti gani?"

"Kama malori. Malori mengi yanakuja. Na nimetoka nje, hamna gari hata moja njiani."

Nilifungua sauti ya simu wasikie wote. Bibi aliacha kikombe chake kikaanguka. Sijui alikuwa ameisikia lini mara ya mwisho, lakini aliijua kwa kuelezwa tu.

"Atoke! Mwambie atoke sasa hivi, apande kilimani na mtoto!"

Ami akaninyooshea mkono, akaichukua simu.

"Raya, binti yangu. Usitoke, njia ina hatari. Panda juu ya paa na mtoto ukae. Ukuta upo. Yatapita."

"Haya, Ami," Raya akasema. "Ahsante, Ami."

Hilo ndilo neno lake la mwisho nililolisikia. Ahsante.

Nilikimbia miguu mitupu mpaka ukingo wa kilima, na nusu ya mji walikuwa wamefika. Kaka, hayakuwa maji. Yalikuwa ardhi yenyewe inatembea, ya kahawia, nzito, ina mitende ndani, ina gari moja jeupe linageuka taratibu kama mtu anayejigeuza usingizini. Ule ukuta sikuuona. Hakuna aliyeuona ukienda. Ulikuwa haupo tu. Tuliona watu kwenye mapaa. Tulimwona Raya, nilimjua kwa mtandio wake. Nyumba yake ilikatika pembe. Akamwinua Asma juu ya kichwa chake, akamrusha kwenye paa la jirani aliyekuwa amejenga juu kidogo, na jirani akamdaka kwa nguo. Kisha upande ule wa ndimu mbichi ukainama, polepole, kwa adabu kabisa, ukaingia.

Ami alikuwa nyuma yangu. Alikuwa amenifuata na bakora yake. Nilimsikia akisema jina la Mungu, mara nyingi, bila kupumua.

Walimpata Raya chini sana, karibu na mashamba ya watu wengine. Hakuwa peke yake aliyekufa siku ile, lakini mimi sitaandika majina ya watu wasioniruhusu.

Matanga yakawekwa kwao. Ami alisimamia kila kitu, mahema, chakula, wageni kutoka Sur na Nizwa. Alikonda kwa siku zile, kweli alikonda. Siku ya mwisho alikuja mpaka mlango wa upande wa wanawake, akainamisha kichwa, akatuambia tusubiri, ni kadari ya Mungu. Wanawake wote wakaitikia. Bibi akainua uso.

"Mvua kaileta Mungu," alisema. "Pale nani aliwaambia wajenge?"

Alimwambia mwanawe. Mbele ya mama yake Raya. Harith, nilingoja. Nilidhani sasa mtu mmoja atasema neno, mmoja tu, kati ya wale wanawake waliokuwa na watoto na wajukuu chini kule. Mama mmoja akachukua birika akaanza kumimina kahawa ambayo hakuna aliyeiomba. Mwengine akaniambia sikioni, "Mtoe Bibi yako akapumzike, umri umempita." Nikamtoa. Alikuwa mwepesi mkononi kama nguo.

Alifariki kabla baridi haijaisha. Alikuwa akikuuliza wewe, lakini si kwa malalamiko. Alisema una haki ya kukaa mbali na watu wanaocheka namna ile. Kisha akasema bora urudi hata hivyo. Alisema vyote viwili, sijui alitaka kipi zaidi.

Sasa nifike kwenye lililonikalisha chini kuandika.

Wanajenga tena. Si uvumi, nimeona kwa macho yangu. Mchanga ulioletwa na maji umesawazishwa vizuri, umekuwa tambarare kuliko zamani. Ukuta mpya ni wa zege, mrefu kidogo kuliko ule wa kwanza. Ule mkunazi wameukata. Anayesimamia ni Said, mtoto wa Ami, aliyekuwa akicheza na wewe mpira. Na kati ya walionunua yumo mume wa Raya. Ameoa tena, na ananiambia zege si mawe, Zeyana, zege si mawe, kila nikikutana naye, kabla sijamwambia kitu. Asma anakaa kwa bibi yake mzaa mama, na mvua ikinyesha darasani kwangu anaingia chini ya meza. Namwacha akae. Watoto wenzake wamezoea.

Nilikwenda kwa Ami. Sikuwa nimekwenda tangu Bibi azikwe. Amekuwa mzee ghafla, macho yanamtoka maji. Nikamwambia shikamoo, akafurahi kama mtoto, akaniuliza kama nimepata habari zako. Nikasema sina. Nikamwambia, Ami, nataka kukuuliza, na tuko wawili tu. Ulijua?

Alichezea bakora yake. Nje tulisikia lori linamwaga kokoto.

"Nilijua," akasema.

Miaka yote ile, Harith, nilikuwa naogopa kwamba atakataa. Sikujua kwamba akikubali ndiyo itakuwa mbaya zaidi.

"Basi waambie watu. Wewe ukisema hakuna atakayenunua. Neno moja tu, Ami, Ijumaa, watu wakishatoka msikitini."

"Niseme, halafu?" Alinitizama kwa mshangao, kama vile nimemuomba akojoe njiani. "Nitapita wapi, Zeyana? Nani ataniitikia salamu? Wewe bado kijana. Hujui mtu akiwa mzee anabaki na nini." Kisha akanishika mkono wangu kwa mikono yake miwili, ile mikono, na akasema kwa huruma ya kweli, "Usijichoshe, binti yangu. Huzuni inakula akili."

Nikaondoka. Na sikuyaelewa maneno yale, mpaka wiki hii.

Nyumba ya kwanza mpya imekwisha. Niliona gari la mizigo linashusha friji, na mume na mke, vijana kabisa, mke ana mtoto begani. Si watu wa hapa, wametoka Sur. Nikashuka. Nikawasalimia, nikawaambia naomba dakika chache, kuna jambo la ardhi hii wanapaswa kulijua. Yule mume aliweka chini upande wake wa friji. Hakuwa na hasira. Alikuwa na ule uso ambao watu humpa mgonjwa.

"Wewe ndiye Zeyana? Mwalimu?"

"Ndiye."

"Tumeambiwa utakuja," akasema. "Ami yako katuambia mapema. Katuomba tusikukasirikie. Amesema tangu rafiki yako afe maji, umekuwa huoni jambo jengine, masikini, na kabla yako kaka yako alikuwa hivyo hivyo."

Nilisimama pale juani. Kokoto zinang'aa. Nilitaka kusema na sikupata pa kuanzia, kwa sababu kila nitakalosema lilikwishasemwa kabla yangu, na likawekewa jibu. Ndipo nilipoelewa ulichobeba siku ile ya Idi ukitoka mlangoni, na kwa nini hukuniachia nambari mpya. Hawakukukatalia tu. Walikupa jina, na sasa nimerithi mimi.

Yule mke alikuwa ananitizama miguu, sijui kwa nini. Mume alipoinama kuinua friji nilimwambia mke, kwa Kiswahili, kwa kubahatisha kwamba anakijua na mumewe hakijui, "Mimi nafundisha skuli ya wasichana, kule juu. Ukinihitaji uliza mtu yeyote." Akamhamisha mtoto bega la pili. Nikapanda kilima.

Leo asubuhi simu ya skuli ikalia, nikaitwa. Mwanamke hakutaja jina. Kiswahili chake cha kuvunjika, kama cha watoto wetu wote siku hizi. Nyuma yake nilisikia mtoto analia na bomba linatiririka.

"Mume wangu katoka," akasema kwa haraka. "Nataka kujua kitu kimoja tu. Yakija, nina muda gani?"

Nikamwambia ukweli. Nikamwambia asikilize sauti ya malori, na akiisikia asingoje kuyaona maji, na asimpigie mtu yeyote kumuuliza, hata mumewe, hata mimi, abebe mtoto apande kilima kwa miguu. Nikamwambia asipande paa, hata akiambiwa na nani. Alirudia maneno yangu kidogo kidogo, kama mtoto anayehifadhi sura. Kisha akasema, "Ahsante," na simu ikakatika.

Nimetoka nje kibarazani mwa skuli nikiwa na kalamu hii. Juu ya milima, upande wa ndani, mawingu yamekaa tangu alfajiri. Huku chini jua linawaka na mafundi wanaimba.

Sikuombi urudi kwa ajili ya nyumba, wala kwa ajili ya Ami, wala kaburi la Bibi, hilo nalitunza. Nakuomba urudi kwa sababu mtu mmoja akisema, wanamwita mgonjwa, na mimi nimebaki mmoja. Kama huwezi, basi popote ulipo niombee yule mama asilale mchana.

Ndugu yako wa tumbo moja, aliyebaki Ibra,

Zeyana